Umbo la Meno: Uji wa Mwani au Kamera?

Wazazi wengi wanapoambiwa kwamba mtoto wao atafungwa waya za kunyoosha meno, huwaza juu ya gharama na maumivu. Lakini kwa mtoto hofu huanza mapema zaidi, siku ya kuchukuliwa umbo la meno. Wapo wanaotapika siku hiyo na baadaye kukataa kabisa kurudi kwa daktari. Hapo meno hubaki yalivyo, na fedha iliyokwisha kulipwa hupotea bure.

Kwa nini umbo hilo lichukuliwe? Daktari anahitaji mfano kamili wa taya zote mbili, ili apime nafasi iliyopo na kuona jinsi meno ya juu yanavyokutana na ya chini.

Njia ya zamani ni ya unga uitwao aljineti. Huchanganywa na maji ukawa uji mzito, ukawekwa katika kibati chenye umbo la taya na kubanwa kwenye meno. Baada ya dakika 2 hadi 4 hivi huwa umeganda, ukatolewa na kujazwa plasta. Ndugu zetu wa Paje na Jambiani watashangaa kusikia kwamba aljineti hutokana na mwani. Si huu mwekundu ambao Unguja imeulima kwa biashara tangu 1989, bali mwani wa rangi ya kahawia wa bahari za baridi. Taabu yake ni kwamba uji ukizidi hutiririka nyuma ya kinywa, na mgonjwa husikia kichefuchefu. Umbo likiharibika, kazi yote hurudiwa.

Njia mpya hutumia kamera ndogo inayopitishwa juu ya meno, na kompyuta huunganisha picha kuwa umbo moja. Wagonjwa wengi walioulizwa na watafiti wamesema njia hii ina nafuu zaidi. Hakuna uji, mtoto anaweza kupumzika katikati, na palipokosewa hurudiwa pale tu. Hata hivyo, kinywa lazima kikae wazi kwa muda, na kichwa cha kamera kinaweza kumsumbua mtoto mwenye kinywa kidogo.

Je, mzazi avuke bahari hadi Dar es Salaam kutafuta kamera? Si lazima. Aljineti ikitumiwa vizuri hutoa umbo linalofaa kwa kazi hii. Yafuatayo yatamsaidia mtoto:

1. Asishibe sana kabla ya kwenda. Chakula chepesi kinatosha.

2. Akiwa na mafua yaliyoziba pua, omba siku nyingine, kwani atahitaji kupumua kwa pua.

3. Mweleze daktari mapema kama hutapika upesi, au ana jino linalolegea.

4. Omba taya ya chini ianze, maana kwa kawaida husumbua kidogo kuliko ya juu.

5. Aketi wima, ainamishe kichwa mbele kidogo, apumue polepole kwa pua. Kuinua mguu mmoja na kuushikilia hewani humsahaulisha.

6. Wakubaliane na daktari kwamba akiinua mkono, asikilizwe.

Zaidi ya yote, mzazi usimfiche mtoto. Mwambie kwamba uji utajaa kinywani, hautamziba pumzi, na utatolewa baada ya dakika chache. Mtoto aliyeambiwa ukweli nyumbani huvumilia kuliko aliyeshtukizwa kitini.