Mapato ya Mtaa, Gharama za Taifa: Kwa Nini Klabu za Madaraja ya Chini Huyumba Kifedha

Mwaka 1975, Mseto ya Morogoro iliandika historia kwa kuwa klabu ya kwanza kutoka nje ya Dar es Salaam kutwaa ubingwa wa soka wa Tanzania Bara. Miaka 11 baadaye, mwaka 1986, kombe hilo lilikwenda Tukuyu, wilayani Rungwe, mikononi mwa Tukuyu Stars. Leo hakuna hata moja kati ya timu hizo iliyomo Ligi Kuu, na vijana wengi wa Morogoro na Rungwe huzifahamu kwa simulizi za wazee wao. Vipaji havijakauka katika maeneo hayo. Kilicho kigumu, jana na leo, ni kuipata klabu yenye uwezo wa kujiendesha mwaka baada ya mwaka.

Mashabiki wanaposikia kuwa timu ya mkoa wao imeshindwa kusafiri, imefungiwa kusajili au imeuza nafasi yake ya ligi, wengi hudhani kuwa tatizo ni uongozi mbaya pekee. Uongozi una nafasi yake, lakini chimbuko la tatizo liko katika hesabu yenyewe: klabu za madaraja ya chini hubeba gharama za kitaifa kwa mapato ya mtaa.

Ngazi za ligi na mzigo wa safari

Chini ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF), soka la wanaume la Tanzania Bara limepangwa kwa ngazi. Juu kabisa ni Ligi Kuu yenye timu 16. Inayofuata ni Ligi ya Championship, iliyojulikana zamani kama Ligi Daraja la Kwanza, nayo ikiwa na timu 16. Chini yake ipo First League, ambayo zamani iliitwa Ligi Daraja la Pili, kisha Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, na mwisho ligi za mikoa na wilaya. Timu mbili za juu katika Championship hupanda Ligi Kuu moja kwa moja.

Kabla ya msimu wa 2021/2022, timu za daraja hilo ziligawanywa katika makundi. Sasa zote hucheza katika kundi moja, nyumbani na ugenini. Utaratibu huo umeongeza ushindani na hadhi ya ligi, lakini pia umerefusha safari. Kila timu hucheza michezo 30, na 15 kati ya hiyo ni ya ugenini. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, na hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,000. Nauli ya basi haipungui kwa sababu timu haichezi Ligi Kuu, wala muuza mafuta haulizi timu ipo daraja gani.

Hesabu ndogo ya mfano inatosha kuonesha uzito wa jambo hili. Msafara wa watu 25, kwa maana ya wachezaji, makocha, daktari na viongozi, ukikaa safarini siku 3 kwa kila mchezo wa ugenini, klabu italazimika kugharamia chakula na malazi ya jumla ya siku 1,125 za mtu mmoja kwa msimu. Ikiwa kila mtu atatumia Sh30,000 kwa siku, safari moja itagharimu Sh2,250,000 kabla ya mafuta ya gari. Kwa upande wa mapato, mchezo wa nyumbani wenye watazamaji 500 waliolipa kiingilio cha Sh2,000 huingiza Sh1,000,000. Fedha hiyo nayo hukatwa kodi, gharama za uwanja na makato mengine kabla ya kufika katika akaunti ya klabu. Kwa mfano huo, mapato ya mlangoni ya michezo miwili ya nyumbani hayatoshi kulipia safari moja ya ugenini, na hapo mishahara, posho, matibabu na vifaa havijaguswa.

Hali huwa ngumu zaidi kwa kuwa klabu nyingi hazimiliki viwanja. Viwanja vingi vya mikoani ni mali ya Chama Cha Mapinduzi au halmashauri, hivyo klabu huingia kama mpangaji. Mabango ya biashara, maduka na maegesho ya magari, ambavyo kwa mwenye uwanja ni vyanzo vya mapato, haviko mikononi mwake.

Fedha za televisheni hubaki juu

Mwaka 2021, TFF na Azam Media zilisaini mkataba wa miaka 10 wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Mkataba huo ulibadili maisha ya klabu za ngazi ya juu. Benki ya NBC nayo ni mdhamini mkuu wa Ligi Kuu, na jina lake sasa linabebwa pia na Ligi ya Championship, hatua inayoonesha kuwa macho ya wadhamini yameanza kushuka ngazi.

Hata hivyo, pengo kati ya ngazi moja na nyingine bado ni kubwa. Timu inayoshuka kutoka Ligi Kuu hupoteza sehemu kubwa ya mapato ya matangazo kwa msimu mmoja, huku mikataba ya wachezaji iliyosainiwa wakati wa neema ikiendelea kudai. Mwaka 2020, jiji la Mwanza lilipoteza timu mbili za Ligi Kuu kwa mpigo, Alliance na Mbao. Mbao ilikuwa imefika fainali ya Kombe la Shirikisho miaka 3 tu kabla ya hapo. Kushuka daraja ni sehemu ya mchezo. Hatari ni pale klabu inaposhuka bila akiba.

Nani mwenye timu?

Klabu nyingi zilizodumu zina mhimili wa taasisi nyuma yake. Zipo za vyombo vya ulinzi na usalama, kama Tanzania Prisons, JKT Tanzania na Polisi Tanzania. Zipo za viwanda, kama Mtibwa Sugar, bingwa wa mwaka 1999 na 2000, ambayo ilishuka mwaka 2024 na kurejea Ligi Kuu mwaka mmoja baadaye. Zipo pia za halmashauri, kama Mbeya City na KMC ya Kinondoni. Mbeya City ilimaliza nafasi ya tatu katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, 2013/2014, ikashuka mwaka 2023, kisha ikapanda tena mwaka 2025. Taasisi iliyo nyuma ya timu haizuii kushuka, lakini huiwezesha timu kubaki hai mpaka ipande tena. Pamoja na hayo, fedha za halmashauri zina majukumu ya kwanza, yakiwamo madarasa, zahanati na barabara, hivyo timu haiwezi kuwa mzigo wa kudumu wa bajeti hiyo.

Kundi la mwisho ni klabu za wananchi, zinazotegemea michango ya wanachama au mfadhili mmoja. Hizi ndizo zilizo katika hatari kubwa zaidi, kwani mfadhili akichoka, timu nayo huchoka. Stand United ya Shinyanga, iliyozaliwa miongoni mwa watu wa stendi ya mabasi, ilipanda hadi Ligi Kuu mwaka 2014. Ilipopata udhamini mkubwa wa kampuni ya madini, uliibuka mvutano kuhusu nani hasa mwenye klabu, na mwaka 2019 timu ikashuka. Ihefu, iliyoanzia Mbarali mkoani Mbeya, iliishia Singida, ambako mwaka 2024 ilibadili jina na kuwa Singida Black Stars. Uhamisho wa aina hiyo huweza kuiokoa timu kifedha, lakini huwaachia wananchi wa mahali ilipozaliwa kumbukumbu tu.

Ni kwa sababu hiyo suala la usajili na umiliki limewekewa sheria. Baraza la Michezo la Taifa (BMT), lililoanzishwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967, ndilo lenye ofisi ya Msajili wa vyama na klabu za michezo. Kwa klabu za wanachama zinazokaribisha wawekezaji, kanuni zinataka wanachama wabaki na asilimia 51 ya umiliki na wawekezaji wasizidi asilimia 49. Lengo ni fedha za mwekezaji ziingie bila jamii kupoteza timu yake. Klabu ambayo katiba yake imepitwa na wakati, au haina daftari la wanachama hai, haiwezi kunufaika na ulinzi huo, kwa kuwa haiwezi kuthibitisha wanachama wake ni akina nani.

Deni la mchezaji si fadhila

Upungufu wa fedha huonekana kwanza kwenye mshahara wa mchezaji. Kanuni za FIFA zinaeleza kuwa mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi 2 ana sababu ya haki ya kuvunja mkataba, baada ya kuipa klabu notisi ya maandishi ya angalau siku 15. Klabu inayokaidi uamuzi wa kulipa inaweza kufungiwa kusajili wachezaji hadi madirisha 3 ya usajili. Kwa hiyo tangazo la klabu kufungiwa kusajili, mara nyingi, ni taarifa ya deni ambalo halikulipwa kwa wakati.

Hapa ndipo ulipo umuhimu wa leseni ya klabu, utaratibu ulioasisiwa na Shirikisho la Soka Afrika (CAF) na kusimamiwa nchini na TFF. Leseni hutolewa kwa kuangalia mambo matano: michezo na maendeleo ya vijana, miundombinu, watendaji na utawala, sheria, na fedha. Baadhi ya viongozi wa klabu ndogo huyaona masharti hayo kama kikwazo. Ukweli ni kwamba mdhamini makini huuliza maswali hayo hayo kabla ya kutoa fedha zake.

Mali bila daftari

Kipo chanzo cha mapato ambacho klabu nyingi ndogo hukipoteza bila kujua. Mchezaji anapohamishwa kwa ada kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, kanuni za FIFA hutenga asilimia 5 ya ada hiyo kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila mwaka wa umri wa miaka 12 hadi 15 una thamani ya asilimia 0.25 ya ada, na kila mwaka wa umri wa miaka 16 hadi 23 una asilimia 0.5. Kwa ada ya dola milioni 1 za Marekani, klabu ya wilayani iliyokaa na kijana huyo akiwa na miaka 16 na 17 inastahili dola 10,000. Mbali na hizo, ipo fidia ya mafunzo inayolipwa mchezaji anaposajiliwa kuwa wa kulipwa kwa mara ya kwanza, na anapohama kimataifa hadi mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 23.

Mbwana Samatta alipita African Lyon kabla ya kwenda Simba, TP Mazembe, Genk na, mwaka 2020, Aston Villa ya Uingereza. Safari yake inaonesha kuwa kipaji kinachofika Ulaya huanzia kwenye klabu ambayo huenda leo haipo tena Ligi Kuu. Tangu Novemba 2022, malipo hayo hupitia chombo maalumu cha FIFA, kwa kutegemea pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji inayotengenezwa kwa kutumia kumbukumbu za usajili za nchi alikopita. Jina ambalo halikusajiliwa, au tarehe iliyoandikwa kimakosa, huweza kuikosesha klabu haki yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa klabu ndogo usemi huo una bei inayohesabika.

Wajibu wa kila upande

Serikali imechukua hatua zinazogusa mzigo huu. Sehemu ya mapato ya kodi ya michezo ya kubahatisha huelekezwa kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Michezo, na msamaha wa Kodi ya Ongezeko la Thamani umetolewa kwa nyasi bandia za viwanja vya mpira kwa masharti maalumu. Hatua hizo huleta nafuu, lakini haziwezi kufanya kazi ya mweka hazina wa klabu.

Kwa viongozi wa klabu, kazi ya kwanza ni kuwa na katiba hai, akaunti ya benki yenye watia saini wanaojulikana, hesabu zilizokaguliwa na kumbukumbu sahihi za kila mchezaji kuanzia ngazi ya vijana. Kazi ya pili ni kusaini mikataba inayolingana na mapato yaliyopo, si yale yanayotarajiwa iwapo timu itapanda daraja.

Kwa mwananchi, tiketi ya Sh2,000 ni mchango halisi, na ada ya uanachama inayolipwa kwa wakati ni kubwa kuliko lawama za baada ya mchezo. Mwanachama aliyelipa ada ana haki ya kuhudhuria mkutano mkuu na kuomba kusomewa mapato na matumizi. Haki hiyo ikitumika kila mwaka, habari za madeni zitajulikana mapema, ndani ya mkutano, badala ya kusikika kwa mara ya kwanza siku timu iliposhindwa kupanda basi kwenda ugenini.