Golf GTI Iliyotumika Katika Mwinuko wa Arusha: Hitilafu Zake na Gharama za Kuzitengeneza

Barabara ya njia nne inayotoka Sakina, katika Jiji la Arusha, hadi Tengeru ina urefu wa kilometa 14.1, na ni mahali ambapo dereva aweza kutambua tofauti iliyopo baina ya Toyota IST ya kawaida na Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha tano. Hili la pili ni gari dogo ambalo mlango wake wa nyuma hufunguka pamoja na kioo, na lilitengenezwa kuanzia mwaka 2004 hadi 2009 hivi. Injini yake ya lita 2 ina nguvu za farasi 200. Gari hilo likiisha kutumika ng'ambo kwa miaka mingi, bei yake hushuka hata likafikiwa na mtu wa kipato cha wastani. Lakini bei ya vipuri vyake haishuki pamoja nayo, na hapo ndipo wanunuzi wengi huponzwa.

Kwa kuwa bei za vipuri hupanda na kushuka kwa kufuata thamani ya fedha za kigeni, itafaa kuzipima kwa kitu ambacho nacho huagizwa kutoka nje, yaani tairi moja jipya la gari hilihili. Kipimo hicho ndicho kitakachotumika katika maelezo yafuatayo.

Arusha iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa yake ni kama asilimia 85 ya ile ya Tanga au Dar es Salaam. Injini ya kawaida huvuta hewa hiyo hafifu jinsi ilivyo, na kwa hiyo hupungukiwa na takriban sehemu moja ya saba ya nguvu zake. Golf GTI ina tabochaja, yaani feni mbili zilizofungwa kwenye mhimili mmoja: ya kwanza huzungushwa na moshi utokao kwenye silinda, na ya pili huishindilia hewa inayoingia. Kompyuta ya injini hupima kanieneo na kuiamuru tabochaja ifidie upungufu. Iwapo injini inataka hewa yenye kanieneo mara 1.8 ya ile ya pwani, basi huko pwani tabochaja huishindilia mara 1.8, lakini Arusha hapana budi iishindilie mara 2.1 ili kupata matokeo yaleyale. Dereva hufurahi kuona gari halikupoteza kitu, wala hajui kwamba mhimili ule, ambao waweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, sasa unazunguka kwa kasi na joto zaidi, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikichakaa, au injini ikizimwa ghafla mara baada ya kupanda mlima kwa kasi, oili iliyobaki huungua na kuganda kama masizi. Tabochaja mpya huzidi thamani ya matairi yote manne, na pengine mara mbili yake.

Mwinuko huo unaleta pia jambo la petroli. Injini isiyo na tabochaja ikiwa milimani huweza kuvumilia petroli ya okteni ndogo kidogo, maana hewa iliyo ndani ya silinda ni pungufu. Msamaha huo haumo katika GTI, ambayo silinda zake hujazwa kama vile ziko ufukweni. Mtengenezaji alipendekeza okteni 98, akakubali 95 kwa sharti la kupungukiwa nguvu kidogo.

Hata hivyo, hitilafu inayostahili kuogopwa kuliko zote katika injini hii hutokana na kitu kidogo mno. Petroli huingizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa msukumo ufikao mara 110 ya ule wa hewa ya kawaida. Pampu inayofanya kazi hiyo husukumwa na kamshafti, na kati ya kamshafti na pampu kuna kikombe cha chuma kinachoweza kukaa juu ya kidole gumba. Kikombe hicho husuguliwa kila kamshafti inapozunguka. Ngozi yake ngumu ikiisha, chuma kilicho chini hutoboka, na kamshafti huanza kuila pampu yenyewe, huku vumbi la chuma likisambaa ndani ya oili. Bei ya kikombe haifikii tairi moja. Pampu hukaribia matairi manne, na kamshafti ni gharama nyingine juu ya hiyo. Ili kukikagua, fundi huondoa pampu kwa kufungua skrubu chache, kazi isiyozidi saa moja kwa aliyeizoea. Inashangaza kwamba ukaguzi huu hufanywa kwa nadra sana, ilhali redio na matairi ya urembo hubadilishwa wiki ya kwanza.

Petroli kuingia moja kwa moja kwenye silinda kuna tatizo jingine: haipiti juu ya vali za kuingizia hewa, na hivyo haizisafishi. Masizi hujikusanya humo hadi injini ikawa na kile mafundi wakiitacho misi, hasa asubuhi. Dawa yake ni kufungua na kukwangua kwa mkono. Hapa mnunuzi hulipia jasho la fundi zaidi ya vipuri. Lakini ni vema kwanza kuhakikisha kuwa misi haitokani na koili ya plagi, ambayo hufa mara kwa mara katika gari hili na ambayo haigharimu hata tairi moja.

Giaboksi ya gari hili, pale isipokuwa ya mkono, ina gia sita na klachi mbili zilizozama ndani ya oili. Oili hiyo, kama lita 5, pamoja na chujio lake hubadilishwa kila kilometa 60,000. Ni ya aina ya pekee. Anayejaza oili ya giaboksi nyingine kwa kuwa rangi inafanana atalipia sehemu ya umeme na vali inayoongoza gia, ambayo bei yake hukaribiana na ya tabochaja.

Ukitoka kwenye lami na kuingia njia za ndani za Sakina, kuna vumbi jembamba la udongo wa volkano ya Meru. Injini ya lita 2 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika humeza takriban lita 3,000 za hewa katika dakika hiyo, bila kuhesabu msaada wa tabochaja. Kwa hiyo chujio lililochanika hupitisha mchanga mwingi unaosaga mapanga ya feni. Matairi nayo ni ya 225/45, maana yake ukuta wake una kimo cha milimeta 101 tu, wakati lile la IST la 185/65 lina milimeta 120. Jiwe lisiloidhuru IST huweza kupinda rimu ya GTI.

Mkanda wa kamshafti hauna budi kubadilishwa ikiwa hakuna hati ya tarehe yake, kwani mpira huzeeka kwa miaka hata gari likiwa limeegeshwa, na ukikatika pistoni hugonga vali. Wapo wanaokikimbia kizazi cha tano na kuchukua cha sita, ambacho hutumia mnyororo badala ya mkanda. Huko nako kikaza mnyororo cha matoleo ya mwanzo kimevunja injini nyingi.

Ukaguzi wa gari hili hufaa kufanywa alfajiri, injini ikiwa baridi kabisa. Misi ya masizi na mtikisiko wa giaboksi wakati wa kuondoka huweza kufichika joto likipanda. Kwa hiyo boneti ambayo tayari ni ya moto mnunuzi anapofika ni sababu ya kutosha ya kuomba miadi ya siku nyingine.