Namba ya siri ipitayo hewani: jinsi usimbaji wa mtiririko unavyolinda simu mpakani

Mkulima wa Kirewa, wilayani Tororo nchini Uganda, anapobonyeza nyota na tarakimu chache kwenye simu yake ndogo ya vitufe ili amtumie mwanawe karo huko Busia, tarakimu hizo hazipiti kwenye waya. Hurushwa kama mawimbi ya redio hadi mnara wa karibu, na yeyote mwenye kipokezi kinachofaa aweza kuzinasa. Kinachomzuia asielewe alichonasa ni hesabu inayofanyika ndani ya simu, bila mwenye simu kuhisi lolote. Hesabu hiyo huitwa usimbaji wa mtiririko.

Wazo lenyewe ni jepesi. Pande mbili huwa na ufunguo mmoja wa siri. Kutokana na ufunguo huo, kila upande huzalisha mfululizo mrefu wa namba zinazoonekana kama za kubahatisha, kisha namba hizo hujumlishwa na ujumbe, herufi kwa herufi. Lichukuliwe neno KIREWA. Ikiwa mtiririko wa siri ni 3, 14, 7, 1, 20, 5, basi K husogea hatua 3 na kuwa N, I husogea hatua 14 na kuwa W, na kuendelea hivyo. Ikipita Z, hesabu huanza upya kwenye A. Kinachosafiri ni NWYFQF. Humo mna F mbili, lakini moja ilikuwa E na nyingine A, kwa hiyo msikilizaji wa pembeni hapati la kushika. Mpokeaji, aliye na mtiririko uleule, hurudi nyuma hatua zilezile.

Simu hufanya hivyo kwa 0 na 1 badala ya herufi: biti ya ujumbe ikifanana na biti ya mtiririko, jibu ni 0, zikitofautiana, ni 1. Ukirudia tendo lilelile, ujumbe hurejea ulivyokuwa.

Mhandisi wa Marekani Gilbert Vernam alibuni mtambo wa namna hii mwaka 1917, kwa ajili ya simu za maandishi. Mwaka 1949 Claude Shannon alichapisha uthibitisho kwamba mtiririko ambao ni wa kubahatisha kweli, wenye urefu sawa na ujumbe, na usiotumiwa mara ya pili, hauvunjiki kamwe. Ila nani atabeba ufunguo mrefu kama mazungumzo yake yote? Ndiyo maana usimbaji wa mtiririko hutumia ufunguo mfupi na kuurefusha kwa hesabu. Ni njia ya mkato, na kila kitu hutegemea ubora wa mkato huo.

Kosa kubwa kuliko yote ni kutumia mtiririko mmoja mara mbili. Neno TORORO likisimbwa kwa namba zilezile za hapo juu hutoka WCYPLT. Likiwekwa chini ya NWYFQF, herufi ya tatu ni Y katika yote mawili, na mdukuzi hutambua papo hapo kwamba maneno hayo yanafanana mahali pa tatu. Na kweli, yote mawili yana R hapo. Akiendelea kutoa moja kwenye jingine, mtiririko hujifuta wenyewe na kumwachia tofauti za maneno matupu.

Simu za kizazi cha pili, zile za 2G, zilipewa usimbaji uitwao A5/1. Ndani yake mna safu tatu za biti, zenye nafasi 19, 22 na 23, jumla 64. Katika kila hatua, biti moja ya kila safu hupiga kura; safu zinazokubaliana na walio wengi husogea, na inayopingana nao hubaki ilipo. Biti za mwisho za safu hizo huunganishwa kupata biti moja ya mtiririko. Mazungumzo hukatwa vipande vidogo, na namba ya kila kipande huchanganywa na ufunguo ili mtiririko usijirudie.

Huo ulikuwa ubunifu wa akili kwa miaka ya 1980, lakini ulifichwa, na siri hiyo haikuusaidia. Kufikia mwaka 1999 muundo wake ulikuwa umefichuliwa kikamilifu. Desemba 2009, mjini Berlin, mtafiti Mjerumani Karsten Nohl alieleza mradi wa kukokotoa mapema majedwali makubwa ya kutafutia ufunguo. Tena, simu ya 2G hujitambulisha kwa mnara, lakini mnara haujithibitishi kwa simu. Mnara bandia waweza kuiamuru izime usimbaji kabisa.

Udhaifu huo ni wa A5/1, si wa mtiririko kwa jumla. Mitandao ya 3G na 4G yaweza kutumia SNOW 3G, ambao pia ni wa mtiririko, na humo simu nayo huutaka mnara ujithibitishe. Kwenye intaneti, ChaCha20 ya Daniel J. Bernstein, yenye ufunguo wa biti 256, hupendelewa hasa na simu za bei nafuu, kwa kuwa hufanya kazi haraka bila kuhitaji kifaa maalumu ndani ya simu.

Hata hivyo, usimbaji wa redio huishia mnarani. Kuanzia hapo, ujumbe mfupi wa kawaida husomeka na mitambo ya kampuni ya simu. Tangu Android 12, baadhi ya simu janja zina kitufe cha kuzima 2G. Simu ndogo ya vitufe inayotegemea 2G pekee haina hiari hiyo, na mahali ambapo 2G ndiyo mawimbi pekee yanayofika, mwenye simu janja akikizima kitufe hicho hubaki bila mtandao.