Masomo ya Likizo Mpakani: Hesabu Saa Kabla ya Karo

Mfanyakazi wa Busia au Tororo anayetaka digrii halazimiki tena kuhamia Kampala wala Nairobi. Upande wa Uganda kuna Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007. Kampasi yake ya Nagongera, wilayani Tororo, awali ilikuwa chuo cha walimu. Upande wa Kenya kuna Chuo Kikuu cha Alupe, kilichokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi hadi kilipopata hati yake mwaka 2022.

Walimu ndio wenye haraka zaidi. Sera ya Taifa ya Walimu ya Uganda ya mwaka 2019 inataka kila mwalimu awe na digrii, hata yule wa chekechea. Kwa kuwa hawezi kuacha darasa lake, mwalimu wa diploma husoma shule zinapofungwa.

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Nchini Uganda krediti moja ni saa 15 za darasani, na saa mbili za maabara huhesabiwa kama moja. Kozi ya krediti tatu, basi, inadai saa 45. Kozi tano zinadai 225. Likizo ya wiki tatu, ukisoma siku sita kwa wiki, ina siku 18. Gawanya: saa 12 na nusu kila siku, kabla hujafungua daftari usiku. Hakuna anayeweza. Chuo makini huzisambaza saa hizo: nyingine ana kwa ana, nyingine kwa moduli za kujisomea, vipindi vya wikendi na kazi zinazosahihishwa kwa wakati. Chuo kisicho makini huzikata kimyakimya, na anayepunjwa ni mwanafunzi.

Anayevuka mpaka kusoma ana jambo la pili la kuangalia. Muhula wa kwanza wa shule huanza Januari nchini Kenya, na Februari nchini Uganda, kwa hiyo likizo hazilingani. Mwalimu wa Kenya anaweza kukuta wenzake wa Nagongera wameshaanza vipindi naye amesharudi zamu shuleni.

La tatu ni cheti chenyewe. Mwaka 2017 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu. Tangazo hilo ni jema, lakini halimpandishi mtu cheo. Anayepandisha cheo ni mwajiri, naye huuliza kama programu yenyewe, si chuo tu, imeidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu la Uganda au Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya.

Kabla ya kulipa, dai karatasi tatu: ratiba inayoonyesha saa zote, kibali cha programu, na jibu la maandishi la mwajiri wako. Chuo kisichoweza kukuonyesha saa zake hakistahili karo yako, hata kiwe nafuu namna gani.