Picha za CT scan hukwama wapi?

Mgonjwa wa ajali akishatolewa kwenye mashine ya CT scan, kazi haijaisha. Picha zake lazima zipite kwenye mtandao wa ndani wa hospitali hadi kwenye kompyuta ya mtaalamu wa radiolojia, na hapo dakika hupotea bila mtu kujua.

Kipande kimoja cha picha huwa na nukta 512 kwa 512, kila nukta ikichukua baiti 2, yaani nusu megabaiti. Vipande 1,000 ni megabaiti 500 hivi. Kwenye Ethernet, yaani mtandao wa kebo, aina kongwe ya megabiti 10 kwa sekunde, mzigo huo huchukua karibu dakika 7. Kwenye ya megabiti 100, sekunde 40. Kwenye ya gigabiti 1, sekunde 4. Hapo ni iwapo njia ni nyeupe.

Zamani haikuwa nyeupe. Kwenye Ethernet, kompyuta zote zilitumia waya mmoja, na mbili zikituma kwa pamoja data iligongana, ikabidi kurudia. Mtandao mshindani, FDDI, uliotumia nyuzi za mwanga kwa megabiti 100, ulituma kwa zamu, kwa hiyo haukuyumba hata msongamano ulipozidi. Mtandao mwingine, ATM (si mashine ya kutolea pesa), ulikata data katika vipande vya baiti 53, lakini 5 kati ya hizo zilikuwa za maelekezo tu. Kiufundi, FDDI iliishinda Ethernet ya wakati wake. Bei ndiyo iliyoiangusha. Swichi zilipoenea, kila kompyuta ikapata njia yake na migongano ikaisha. Ethernet ya gigabiti ikaja mwaka 1998, na mwaka 1999 ikaruhusiwa kupita kwenye nyaya za shaba ambazo majengo mengi tayari yalikuwa nazo.

Wi-Fi inafaa kwa tableti za wodini, ila watumiaji wote hugawana masafa yaleyale. Mashine ya CT isiwekwe huko.

Kinachosahaulika zaidi ni kebo. Ichune, utakuta nyaya 8 zilizosokotwa jozi 4. Megabiti 100 hutumia jozi 2. Gigabiti inazitaka zote. Ikikatika moja ya zile 2 za ziada, vifaa vingi hushuka kimyakimya hadi megabiti 100. Taa ya swichi inaendelea kuwaka, na sekunde 4 zimekuwa 40.

Hospitali inayolalamikia picha kuchelewa isikimbilie kununua seva mpya. Fundi aanze kwa kupima kebo inayotoka chumba cha CT, jozi zote 4.