Plastiki Iliyovutwa na Rekodi Zake

Mfuko mwembamba wa dukani na kamba inayofunga meli gatini vinaweza kuwa vya kemikali moja, polithini. Mfuko unauchana kwa vidole. Kamba, kilo kwa kilo, watengenezaji wanasema inashinda chuma cha pua hadi mara 15, na bado inaelea majini. Tofauti iko kwenye urefu wa minyororo ya molekuli, na jinsi ilivyovutwa ikiwa inaganda.

Rekodi ya nguvu katika polithini inashikiliwa na uzi unaotengeneza kamba hiyo. Paul Smith na Piet Lemstra wa kampuni ya DSM, Uholanzi, waliueleza mwishoni mwa miaka ya 1970: polithini yenye minyororo mirefu mno inayeyushwa katika kimiminika, inasokotwa ikiwa laini kama jeli, kisha inavutwa hadi irefuke mara 30 na zaidi.

Waliowatangulia walikuwa nchini humohumo. Mwaka 1965 wanasayansi Pennings na Kiel walionyesha kinachotokea polithini iliyoyeyushwa inapokorogwa huku ikipoa. Ikitulia, minyororo hujikunja na kupanga fuwele bapa, jambo alilolieleza Andrew Keller wa Bristol mwaka 1957. Ikikorogwa, huota fuwele za umbo la mshikaki: katikati kijiti cha minyororo iliyonyooka, na vipande bapa vimechomekwa juu yake. Minyororo mirefu zaidi ndiyo hukawia kurudi katika mkunjo wake, hivyo mwendo wa kimiminika huinasa kwanza. Kwa miaka mingi ilidhaniwa basi kwamba kijiti ni cha hiyo mirefu tu. Mwaka 2007 utafiti wa polipropilini uliochapishwa katika jarida la Science ulionyesha vingine: mirefu huanzisha kazi, lakini huivuta na mifupi iingie. Kwangu huu ndio ugunduzi mzuri kuliko yote hapa, kwa kuwa unaeleza kwa nini mirefu michache inatosha kubadili chungu kizima.

Kwa kunyonya nishati ya mvuto kabla ya kukatika, mojawapo ya nyuzi bora kabisa za asili ni ya buibui wa Madagaska, Caerostris darwini, aliyetangazwa kwa wanasayansi mwaka 2010. Hutandaza nyuzi juu ya mito, hadi mita 25 kutoka ukingo hadi ukingo. Hariri yake hunyonya kwa wastani megajuli 350 kwa kila mita ya ujazo kabla ya kukatika, na sampuli bora zilifika 520. Buibui hana tanuri: protini iliyo ndani ya maji hupita kwenye mfereji unaozidi kuwa mwembamba, na mvuto unaotokea humo husaidia kuigandisha. Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza walikadiria kwamba hariri huhitaji nishati pungufu mara elfu moja kuliko polithini ili mtiririko uigeuze kuwa nyuzi.

Mfano ulioenea sana wa plastiki iliyovutwa ni chupa ya plastiki ya soda, aliyoipatia hataza Nathaniel Wyeth wa DuPont mwaka 1973. Itazame: mdomoni na kwenye kitone cha katikati ya kitako plastiki ni nene, haikuvutwa. Ubavuni imevutwa kwa urefu na kwa upana ikiwa moto, zikaota fuwele ndogo mno zisizozuia mwanga, na gesi hupita kwa shida. Plastiki hiyohiyo ukiipasha moto taratibu bila kuivuta, fuwele hukua kubwa, nayo hugeuka nyeupe na kuvunjika upesi.