Taa za Mchana Zinapowaka na Kuzimika

Pengine kijijini kwenu lipo gari kuukuu la abiria ambalo taa zake za mbele huwaka zenyewe mchana, mara injini ipatapo moto. Kanada iliziamuru kwa magari yaliyotengenezwa tangu Desemba 1989, maana gari lenye taa huonekana toka mbali. Katika vumbi letu faida yake ni kubwa.

Sasa zinawaka, zinazimika, zinawaka tena. Usikimbilie dukani. Tazama kwanza: huzimika moja, au zote mbili pamoja?

Ikiwa ni moja, zima injini, chungulia balbu na soketi yake. Waya uliofungwa kwenye bodi nao hushika kutu. Fungua skrubu, sugua chuma king'ae, kaza.

Zikizimika zote, usizilaumu balbu. Balbu mbili haziugui na kupona kwa saa moja. Tazama fyuzi, kisha breki ya mkono. Magari mengi ya namna hii huzima taa hizo breki ikivutwa. Swichi yake ikilegea, kila shimo la barabara hulidanganya gari kwamba limeegeshwa. Simama mahali tambarare, zuia magurudumu kwa mawe, achia breki, tikisa mkono wake injini ikinguruma. Mwenzako atazame taa, akisimama kando. Zikifuata mkono wako, umemkamata mwizi.

Usitie fyuzi kubwa zaidi: waya utaungua. Mpaka fundi atengeneze, dereva awashe taa za kawaida kwa mkono, hata jua likiwa utosini.